Ruta mbili, mlango mmoja: namna ya kujenga rezo isiyokatika ovyo

Katika miji yetu ya mashariki, kazi nyingi sasa zinapita kwa intaneti. Kituo cha afya kinatuma hesabu ya wagonjwa kwa zone ya afya. Muuzaji wa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money anahudumia watu walio kwenye mstari. Redio inapokea sauti za waandishi wake walio mbali. Siku rezo inakatika, watu wanatazamana, mmoja anazima ruta na kuiwasha tena, wengine wanangoja. Kisha komite inakaa na kusema: tununue ruta ya pili.

Wazo hilo ni zuri. Lakini ruta ya pili inasaidia tu kama haitegemei vitu vilevile vinavyoua ile ya kwanza. Hapa tunaeleza namna ruta mbili zinavyoweza kupokezana kazi zenyewe bila mtu kugusa kitu, fasi gani watu wanajidanganya, na nini cha kufanya kama pesa ni kidogo.

Ruta inafanya kazi gani?

Ruta ni mlango wa nyumba. Simu, ordinateri na printa za biro zinaweza kuongea zenyewe kwa zenyewe ndani ya nyumba. Lakini kila kitu kinachotaka kwenda inje, iwe ni ujumbe, ripoti ao pesa, kinapaswa kupita kwa mlango.

Kila mashini inajua mlango huo kwa adrese yake. Mara nyingi utaona namba kama 192.168.10.1. Mashini inapoingia kwenye rezo, inapewa adrese yake yenyewe, kisha inaambiwa: mlango wa kutokea ni ule pale. Kuanzia hapo haitafuti mlango mwingine. Kama ruta hiyo imekufa, mashini inaendelea kugonga mlango uliofungwa, hata kama kuna ruta ingine nzima kando yake, yenye taa zote za kijani.

Ndiyo sababu kuweka ruta mbili mezani hakutoshi. Inafaa zikubaliane zenyewe nani ni mlango leo, na mashini zisijue kwamba mlango umebadilika.

Namna ruta mbili zinavyopatana

Mapatano hayo yana jina: VRRP. Kanuni zake ziliandikwa mwaka 1998, na zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, mara ya karibuni ikiwa mwaka 2024. Kampuni ya Cisco ya Marekani iko na mapatano yake yanayofanana, yanaitwa HSRP. Wale wanaotumia OpenBSD wako na CARP. Majina ni tofauti, lakini wazo ni moja.

Wazo lenyewe ni hili. Ruta ya kwanza iko na adrese yake, ya pili vilevile iko na yake. Juu ya hizo mbili, kunawekwa adrese ya tatu ambayo si ya kifaa chochote. Hiyo ndiyo mashini zote za biro zinapewa kama mlango. Kwa wakati mmoja, ruta moja tu ndiyo inajibu kwa jina la adrese hiyo. Tuite hiyo ruta mkubwa, na ile ingine msaidizi.

Mkubwa anatoa sauti kila sekunde moja: niko hapa, niko hapa. Msaidizi anasikiliza, hafanyi kazi ingine. Akikosa kusikia sauti hiyo kwa muda wa sekunde tatu na nusu hivi, anaelewa kwamba mkubwa ameanguka, na anachukua nafasi yake. Kama mkubwa anazimwa vizuri, kwa mfano fundi anataka kumsafisha, anatoa neno la kuaga kwanza, na msaidizi anachukua kazi kabla ya sekunde moja kwisha.

Mashini za biro hazioni mabadiliko. Si adrese ya namba tu inayohama, hata ile namba ya kifaa ambayo kila kadi ya rezo inazaliwa nayo inahama pia, kwa sababu VRRP inatumia namba ya pamoja inayoanza na 00-00-5E-00-01. Kwa macho ya ordinateri, mlango ni uleule.

Nani anakuwa mkubwa? Kila ruta inapewa cheo kwa namba, toka 1 mpaka 254. Usipoandika kitu, cheo ni 100. Mwenye namba kubwa ndiye anatawala. Namba 255 inabaki kwa ruta ambayo adrese ya mlango ni yake yenyewe.

Mfano wa biro ndogo

Tuchukue kituo cha afya chenye ordinateri sita na simu kumi na tano. Kuna laini mbili za intaneti: ya kwanza ya fibre, ya pili ya kadi SIM ndani ya modemu. Fundi anaweza kupanga hivi:

- Ruta A: adrese 192.168.10.2, cheo 150, imeungwa kwa fibre.
- Ruta B: adrese 192.168.10.3, cheo 100, imeungwa kwa modemu ya SIM.
- Adrese ya mlango, ya pamoja: 192.168.10.1.
- Namba ya kikundi: ileile kwa ruta zote mbili, kwa mfano 10. Zikitofautiana, hazitaelewana kamwe.
- Kugawa adrese kwa mashini: ruta A inagawa toka 50 mpaka 149, ruta B toka 150 mpaka 249, ili zisigongane. Zote mbili zinatangaza mlango mmoja tu, 192.168.10.1.

Hiyo mstari wa mwisho ndiyo watu wengi wanasahau. Wanapanga VRRP vizuri, lakini ruta A inaendelea kuambia simu na ordinateri kwamba mlango ni 192.168.10.2, adrese yake mwenyewe. Siku ruta A inakufa, msaidizi anasimama mlangoni, lakini hakuna anayekuja kwake. Vilevile printa ao mashini iliyoandikwa adrese kwa mkono inapaswa kurekebishwa moja kwa moja.

Kabla ya kununua, uliza kama kifaa kinajua VRRP. Visanduku vingi vya nyumbani ambavyo kampuni za intaneti zinatoa havijui. Ruta za MikroTik, ambazo mafundi wengi wanazitumia, zinajua. Ordinateri ya zamani yenye Linux inaweza pia, kwa programu inayoitwa keepalived. Si lazima ruta mbili ziwe za kampuni moja, lakini kwa fundi wa hapa ni rahisi zaidi zikifanana: anajifunza kimoja, anatengeneza vyote viwili.

Mtego wa kwanza: ruta nzima, laini imekufa

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. VRRP inajua jambo moja tu: kama ruta ile ingine iko hai. Haijui kama intaneti inafika.

Tuseme watu wanachimba barabara na wanakata fibre. Ruta A iko na umeme, iko mzima, inaendelea kusema kila sekunde: niko hapa. Ruta B inasikia na kubaki kimya. Mlango uko wazi, lakini inje ya mlango barabara imebomoka. Kituo kizima hakina rezo, na laini ya SIM iliyolipiwa kila mwezi inalala bure.

Dawa yake ni kuagiza ruta A ijipime yenyewe. Kila sekunde tano inagonga adrese iliyo mbali, inje ya nchi kama inawezekana, na kungoja jibu. Ikikosa majibu matatu yaliyofuatana, inajishusha cheo kwa 60. Toka 150 inakuwa 90, chini ya 100 ya ruta B. Basi ruta B inachukua kazi. Kwa keepalived hiyo inaandikwa ndani ya faili ya mipango. Kwa MikroTik, fundi anatumia Netwatch pamoja na script ndogo.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, usigonge modemu iliyo kando ya ruta, maana hiyo itajibu hata kama dunia nzima imekatika. Pili, gonga adrese mbili tofauti, ili ruta isijishushe kwa sababu tu seva moja ya mbali imelala.

Mtego wa pili: laini mbili, njia moja

Laini mbili za kampuni mbili si lazima ziwe njia mbili. Fibre ya kampuni hii na ya ile zinaweza kutundikwa kwa nguzo zilezile, na lori moja likaangusha zote. Kadi mbili za SIM za majina tofauti zinaweza kutegemea mnara mmoja, maana kampuni za simu zinapangisha minara ileile. Mnara huo ukikosa mazuti, zote zinanyamaza pamoja.

Na mbali zaidi, kuna bahari. Upande wa magharibi, nchi yetu inaungwa na kebo ya WACS inayotokea Muanda. Mwezi wa Agosti 2023, maporomoko chini ya bahari mbele ya mdomo wa mto Kongo yaliikata pamoja na kebo ya SAT-3. Upande wa mashariki, tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na fasi zingine. Laini inayopita kwa majirani hao inaumia nao.

Kwa hiyo uliza kampuni waziwazi kabla ya kulipa: fibre yenu inapita barabara gani? Mnara ni wa nani? Mnatokea baharini kwa Atlantiki ao kwa Mombasa na Dar es Salaam? Kama hawajibu, tafuta laini ya pili ya namna tofauti kabisa: kama ya kwanza ni waya, ya pili iwe ya hewa. Fibre na SIM zinalindana vizuri kuliko fibre na fibre.

Mtego wa tatu: umeme mmoja

Tufanye hesabu. Laini inayofanya kazi kwa asilimia 99 inakosekana saa 88 hivi kwa mwaka. Ukiwa na laini mbili za namna hiyo, zisizotegemeana hata kidogo, muda ambao zote mbili zimekufa pamoja unashuka mpaka dakika 53 kwa mwaka. Hiyo ndiyo faida ambayo wauzaji wanapenda kuonyesha.

Sasa tuseme ruta zote mbili zimechomekwa kwa multiprise moja, na delestaje inakuja saa moja tu kila siku. Hiyo ni saa 365 kwa mwaka bila rezo. Ruta ya pili haikupunguza hata dakika moja. Pesa ingesaidia zaidi kama ingenunua batri.

Na batri haihitaji kuwa kubwa. Ruta ndogo inakula wati 10 hivi. Ruta mbili, modemu na swichi zinafika karibu wati 30 ao 40. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200, lakini batri ya asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 600. Kwa wati 30, hiyo ni saa 20, na ukiondoa kinachopotea njiani, bado unapita usiku mzima. Vifaa vingi vya namna hii vinakula volti 12 moja kwa moja. Usipopitisha umeme kwa ondulere, unaokoa sehemu ya batri.

Ukiweza, ruta A ile umeme wa mji na batri yake, ruta B ile solari na batri yake. Hapo mtu akisahau kulipa fakturi, ao batri moja ikizeeka, ile ingine inasimama.

Kuna adui mwingine ambaye huku kwetu si wa mchezo: radi. Katika orodha ya fasi zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, iliyotengenezwa kwa picha za satelaiti na kutangazwa mwaka 2016, Kabare ya Kivu ya Kusini ilikuwa ya kwanza kwa Afrika, na ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Radi ikiingia kwa waya wa shaba unaotoka kwa antene, inatafuta kila kitu kilichoungwa kwa waya huo. Ruta mbili zilizokaa ndani ya kisanduku kimoja, kwa swichi moja, zinaweza kuungua kwa sekunde moja. Zitenganishe, hata kama ni vyumba viwili. Weka waya wa kushusha umeme ardhini, na kifaa cha kukinga kwenye waya wa antene. Fasi fibre inawezekana kati ya majengo, itumie, maana kioo hakibebi umeme.

Swichi: mtu wa tatu aliyesahauliwa

Ruta mbili zinasikilizana kwa kupitia swichi. Kama swichi hiyo ni moja na ikafa, hakuna mlango hata mmoja unaofikika. Kama waya kati yao ndiyo umekatika, kila moja inafikiri mwenzake amekufa, na zote mbili zinajitangaza kuwa mkubwa. Rezo inaanza kwenda na kurudi: dakika hii inafanya, dakika ile hapana, na hakuna anayeelewa. Ukiona hali hiyo, usianze kubadilisha mipango ya ruta. Angalia kwanza nyaya na swichi.

Kwa biro ndogo, swichi ya pili iliyowekwa kabatini, tayari kuchomekwa, inatosha. Hospitali ao banki inapaswa kuwa na swichi mbili zinazofanya kazi pamoja.

Nini haiokolewi

Ruta zikibadilishana kazi, watu wa ndani hawaoni kitu, lakini dunia ya inje inaona adrese mpya, maana laini ni ingine. Simu ya WhatsApp iliyokuwa inaendelea inaweza kukatika. Faili iliyokuwa inapanda inaweza kuanza upya.

Hatari kubwa ni pesa. Kama malipo yalikuwa katikati ya njia wakati rezo inahama, usitume mara ya pili kwa haraka. Angalia kwanza solde, na ungoje ujumbe. Wauzaji waambiwe jambo hili siku ileile rezo mpya inaanza kufanya kazi, maana kwao sekunde nne za kukatika zinaweza kuzaa malipo mara mbili na ugomvi na mteja.

Jaribu kabla ya siku ya taabu

Mpango ambao haujajaribiwa ni tumaini tu. Mara moja kwa mwezi, saa ambayo kazi ni kidogo, fundi na mtu wa biro wafanye hivi, saa mkononi:

1. Chomoa umeme wa ruta A. Hesabu sekunde mpaka rezo irudi.
2. Irudishe. Kisha chomoa laini ya fibre tu, ukiacha ruta A na umeme wake. Hili ndilo jaribio ambalo wengi hawalifanyi, na ndilo linaloonyesha mtego wa kwanza.
3. Zima umeme wa jengo zima kwa saa moja na uone batri inashuka namna gani.
4. Angalia kama SIM ya laini ya pili iko na mega. Laini ya akiba isiyo na forfe ni pambo.

Andika matokeo katika kitabu: tarehe, sekunde, nani alikuwepo. Na uone pia mkubwa anaporudi. Kama fibre inacheza, inakuja na kwenda, ruta A itachukua kazi na kuiacha kila dakika. Agiza ruta ingoje dakika kadhaa za utulivu kabla ya kurudisha cheo chake.

Zaidi ya hayo, maneno ya siri ya ruta yasibaki kichwani mwa mtu mmoja. Kwa karatasi iliyofungwa, ndani ya kabati ya responsable. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya mlima Nyiragongo kulipuka, mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iliamriwa kuhama. Siku kama hiyo fundi anaondoka na jamaa yake kama kila mtu, na anayebaki biro anapaswa kuweza kuendelea bila yeye.

Kama pesa ni kidogo

Usianze na ruta mbili. Anza na batri, maana ndiyo inarudisha saa nyingi zaidi. Kisha tafuta laini ya pili ya namna tofauti. Ruta nyingi za kati zinaweza kubeba laini mbili zenyewe, na kuhama toka hii kwenda ile fibre ikikatika. Ruta ya pili inakuja ya tatu. Kabla ya kuweza VRRP, nunua kifaa kinachofanana na cha kwanza, kipakie mipango ileile, kibandike karatasi yenye maneno "ya akiba, tayari", na mfundishe mlinzi ao muuguzi wa zamu namna ya kubadilisha waya mbili. Hiyo inachukua dakika tano badala ya sekunde nne. Kwa kituo kilichozoea kungoja fundi mpaka kesho yake, ni tofauti kubwa.

Na kama fundi anakuletea fakturi ya ruta mbili, muulize maswali matatu tu: zinakula umeme gani, laini zinapita wapi, na lini tutachomoa waya ili tuone. Akijibu yote matatu, mlipe.